Mikono yangu itaniumbua siku ya sendoff

*Shangazi, nina miaka 26, nauza kwenye duka la dawa hapa Arusha. Mwaka jana daktari alithibitisha nina usonji (autism), yaani ubongo wangu unapokea sauti na hisia kwa namna tofauti na wengine. Nikifurahi sana au kelele zikinizidi, mikono inapepea yenyewe. Utotoni mama alinichapa vidole kwa mwiko, nikazoea kuikalia. Kazini natabasamu, namtazama mteja machoni huku nahesabu moja hadi tatu. Jioni najifungia gizani, hata kula sili. Sendoff ni mwezi ujao na mchumba wangu hajui lolote. Nizidi kujikaza? — Binti wa Kijenge*

Mwanangu, pole sana. Hapo kwenye kuhesabu moja hadi tatu nilirudia kusoma. Kumbe unauza dawa huku kichwani unafanya kazi ya pili, ya kuigiza mtu mwingine kutwa nzima. Ndiyo inayokulaza na njaa. Usijiite mvivu.

Hiyo mikono haina kosa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watu wazima 32 wenye usonji walisikilizwa kuhusu kupepea mikono, kujiyumbisha na mengine ya namna hiyo. Walieleza kwamba huwatuliza, au hutoa nje hisia iliyowafurika, na walipinga matibabu ya kuwazuia wasifanye hivyo. Mama hakuyajua haya. Wengi tulilelewa tukiamini mtoto mwenye adabu ni aliyetulia tuli.

Kwa hiyo usizidi kujikaza. Sikwambii ujifunue kesho mbele ya wateja, maana ugali wako uko pale na si kila bosi ataelewa. Weka kipande cha kitenge mfukoni mwa koti, ukisokote. Omba dakika chache za kukaa stoo peke yako.

Mchumba ni habari nyingine. Huyo utalala naye nyumba moja. Utajifungia giza gani? Mwambie kabla kadi hazijasambazwa. Tafuteni mahali patulivu, umweleze kama ulivyonieleza mimi, na furaha ikikujia iache mikono ipepee akiona. Akishtuka, mpe muda. Akikucheka au akikuamuru uache, niandikie upesi.

Na ukumbini, kamati isogeze spika mbali na meza yako. Matron wako ajue ishara ya kukutoa nje upumue. Halafu kina mama watakapoingia na zawadi wakicheza, vigelegele juu, khanga zinapungwa hewani, mwanangu, usiikalie mikono yako.