Mwigizaji mnayempenda akifariki: ushauri kwa wasimamizi wa makundi ya mashabiki

Kabla ya kuposti chochote, hakikisheni amefariki kweli. Waigizaji huzushiwa vifo mara kwa mara. Betty White, nyota wa vichekesho vya televisheni vya Marekani, alizushiwa mwaka 2014 kwa sababu watu walisoma kichwa cha habari cha mzaha kuhusu kupaka nywele rangi (kwa Kiingereza "dyes", anapaka rangi, hutamkwa sawa na "dies", anafariki), wakakisambaza bila kufungua habari yenyewe. Akaishi miaka 7 zaidi. Chanzo cha kuaminika ni familia, meneja wake au kituo kinachorusha tamthilia. Tovuti kumi zinazonukuliana ni chanzo kimoja tu.

Ikithibitishwa, bandikeni tangazo moja juu ya ukurasa, kisha washeni mpangilio wa posti kusubiri idhini. Wanachama watalalamika kwamba mnawabana. Wavumilieni, kwa sababu saa za mwanzo ndipo zinapoingia picha za hospitalini, video za sauti yake zilizotengenezwa kwa akili bandia, na wataalamu wa ghafla wa chanzo cha kifo. Ndugu wa marehemu nao huwa wanapita humo kimyakimya wakisoma. Kama inasemekana alijiua, msitaje njia aliyotumia hata kama magazeti yameitaja. Wekeni namba ya simu ya msaada hapohapo kwenye tangazo.

Atatokea wa kukejeli: "Unamlilia mtu asiyekujua?" Futeni, msibishane. Tangu mwaka 1956 watafiti Horton na Wohl waliandika kuhusu ukaribu ambao mtazamaji huujenga na mtu wa kwenye skrini. Ni wa upande mmoja, lakini mtu aliyeingia sebuleni kwako kila jioni kwa miaka akiondoka, pengo lipo. Mara nyingi pia msiba huu huamsha mwingine wa nyumbani ambao haukuliliwa ukaisha. Mwanachama asiyelala wala kula wiki ya pili mfuateni faraghani, mumshauri aonane na mshauri nasaha.

Rambirambi zikusanyeni kwenye waraka mmoja, kila mtu maneno yasiyozidi 60, na zielekezwe kwa wafiwa. "Alikuwa bora kuliko wote" haiwaambii kitu. "Pale alipokunja shuka la mwanawe bila kusema neno, nyumbani tulizima taa tukakaa kimya" inawaambia kazi yake ilifika wapi. Ondoeni maombi ya picha na maswali ya urithi, chapisheni, mtume kwa meneja wiki tatu au nne baada ya mazishi. Wakati wa mazishi wenyewe hakuna wa kuzisoma. Na kuwatagi watoto wake ni ukosefu wa adabu, basi.

Pesa ndizo huvunja makundi. Admini akianza kupokea michango kwa simu yake, hata awe mwaminifu kiasi gani, wiki hiyohiyo zitafunguliwa kurasa tatu zenye picha ileile na namba tofauti. Fuateni mfano wa mashabiki wa Betty White. Alifariki tarehe 31 Desemba 2021, siku 17 kabla ya kutimiza miaka 100. Walihimizana kila mtu atoe dola 5 siku ya kuzaliwa kwake, 17 Januari 2022, moja kwa moja kwa kituo cha kutunza wanyama kilicho karibu naye, maana alitetea wanyama maisha yake yote. Kupitia Facebook na Instagram pekee zilipatikana zaidi ya dola milioni 12. Kiasi kilikuwa kidogo, siku ilikuwa moja, na hapakuwa na mweka hazina wa kushukiwa.

Mkitaka kutazama tamthilia pamoja, chagueni sehemu tatu, mpange muda mmoja wa kuanza kwa wote. Msianze na ya mwisho aliyoigiza, hasa kama alikuwa mgonjwa. Watu wataishia kukagua uso wake badala ya kutazama uigizaji.

Akaunti yake iacheni. Facebook hukubali ombi la kuigeuza kuwa ya kumbukumbu likija na uthibitisho wa kifo, na ikishageuzwa hakuna anayeweza kuingia tena, hata mwenye nywila. Shabiki mwenye haraka anaweza kuwafungia watoto nje ya picha za mama yao. Ombi hilo watalituma wenyewe, wakiwa tayari.