Mkono umevimba miaka baada ya saratani

Jambo, daktari. Ni Mkongo wa Columbus, Ohio. Nilitibiwa saratani ya titi 2015. Sasa mkono wa kushoto umevimba, bangili hazipiti. Kliniki anayenitafsiria ni kijana wangu. Naona haya kusema yote. – Mama F.

Pole sana, mama. Huenda ni limfedema (uvimbe wa maji ya mwili yanayokwama mkononi), hasa kama ulitolewa tezi za kwapani au ulipigwa mionzi. Huja hata baada ya miaka, na Marekani huwapata zaidi wanawake weusi. Wakikuambia ni uzee, usikubali. Wahakikishe pia saratani haijarudi. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu lazima ikupe mkalimani bure. Mdai! Tangu Januari 2024 Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, hulipia mikono ya kubana (vazi la mkono la kupunguza uvimbe). Ukisikia joto, maumivu au homa, huenda ni maambukizi; nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje wekundu: kwenye ngozi yetu hujificha.