Barua kwa Mwanangu: Unakula na Nani?

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na sisi huku Tanga tu wazima. Umeniuliza kama ni kweli maji ya barafu yanaharibu chakula tumboni, na kama ufuate ule utaratibu wa Ayurveda, tiba ya kale ya Kihindi, mliofundishwa kwenye darasa la yoga: mlo mkubwa mchana, kula kimya, simu mbali, na kila mtu ale kwa mwili wake, wa vata, pitta au kapha, hizo nguvu tatu wanazosema huuendesha mwili.

La maji ni jepesi. Ba, yule jirani yetu wa Kigujarati, hakuwa akiweka barafu karibu na chakula. Akisema tumboni mna moto, wenyewe wanauita agni, na moto huo haumwagiwi maji baridi. Alikunywa mafunda machache ya vuguvugu katikati ya kula, basi. Na mchana ndipo alipokula akashiba, kwa sababu wanasema jua likiwa utosini moto nao huwa mkali.

Mimi nataka kujua jingine. Unakula na nani?

Ba aliniketisha sakafuni na sahani yake ya chuma. Kwanza kipande cha sukari guru, maana kwao utamu hutangulia wakati moto ungali na nguvu. Kisha achari ya ndimu, chachu na chumvi na pilipili pamoja, karela chungu, dengu zenye ukakasi kidogo. Ladha zote sita. Redio ilizimwa. Charaka, tabibu wao wa kale, ameagiza mtu ale bila kuzungumza wala kucheka, akili iwe kwenye chakula, asifanye pupa wala asikawie mno. Nililipenda somo hilo kuliko yote ya shule.

Nikaja nalo nyumbani. Siku hiyo tulikuwa na wageni kutoka Pangani, sinia la wali na samaki wa kupaka, nami nakula tonge moja moja, natafuna, kimya. Mjomba wangu mmoja akasema mbele ya wote, "Huyu amefunzwa kula kwa Wahindi, mwacheni na sinia lake." Wakacheka, wakaenda kunawa. Hadi leo nikikumbuka uso unaniwaka. Babu hakucheka. Alikuwa ameshashiba zamani, lakini mkono wake ulibaki kwenye sinia, akiokota punje moja moja, akinisogezea minofu. Nilipomaliza ndipo naye akanyanyua mkono. Hakusema neno.

Ndiyo maana nasema kila siku, nanyi mmeshachoka kunisikia: adabu ya chakula ni kumtazama unayekula naye.

Hapo lakini najipinga mwenyewe. Charaka anataka akili yote iwe kwenye chakula, na akili ya babu ilikuwa kwangu. Basi hawapatani? Mbona Ba naye hakuonja kitu mpaka amenipakulia mimi? Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi, Charaka naye analigawa tumbo mafungu matatu, moja la vigumu, moja la majimaji, la tatu anawaachia hao vata, pitta na kapha nafasi ya kufanya kazi. Kwenye kiasi wamekutana kabisa. Kwenye kimya, sijui niwaweke wapi, kwa sababu sinia letu bila mazungumzo ni kama msiba.

Huo mwili wa vata nao, nasikia dalili zake ni miguu baridi, ngozi kavu na usingizi wa kukatika, na huyo ni wewe mtupu tangu utotoni. Lakini hizo ulizipata zaidi ulipoanza kazi ya zamu, kwa hiyo nanyamaza. Dawa za vidonda vya tumbo ulizopewa na daktari usizikatishe kwa ajili ya darasa. Hilo sikuombi, nakuamuru.

Mengine, ufuate au uache, wewe ni mtu mzima, na ulimi unaniwasha lakini nauzuia. Nijibu tu hilo la nani. Ukiniambia unakula kimya kwa utaratibu wa Charaka, peke yako, mbele ya kompyuta ya ofisi, hapo sitauzuia tena.

Mama yako