PhD ya jioni Uingereza: kabla hujapeleka barua ya kuacha kazi

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unasema hapo chuoni Mtwara, kazini kwako ofisi ya udahili, mmeambiwa kwamba Uingereza mtu anafika, mchana anafanya kazi, jioni anasoma PhD ya uongozi wa elimu ya juu, ada inalipwa na mwajiri, na baada ya miaka mitatu anarudi anaitwa Dokta. Barua ya kuacha kazi unayo tayari. Aliyewaambia hayo amenikera sana, maana nusu ya maneno yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo itakayokuponza.

Ni kweli, mimi huku Uingereza niko ofisi ya udahili ya chuo na ninasoma, na mwajiri anasaidia sehemu ya ada. Lakini mimi nilikuja kwa viza ya mwenza, na viza hiyo inaniruhusu kufanya kazi na kusoma. Wewe utakuja kwa viza ya mwanafunzi. Mwenye viza ya mwanafunzi akisoma pati-taimu haruhusiwi kufanya kazi. Haruhusiwi hata saa moja, hata wikiendi. Haruhusiwi pia kuja na mke wala mtoto. Tena vyuo vingi havikubali kabisa kumdhamini viza mtu wa pati-taimu. Anayesoma muda wote ndiye mwenye saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kwa mtu wa PhD kiangazi hakihesabiki kuwa likizo, kwa hiyo usitegemee miezi ya kujazia mfuko.

Hayo ndiyo hawayasemi. Wanaosoma jioni huku wanafanya kazi ni watu wenye makaratasi: wenye ukaazi wa kudumu, waliokuja kwa ndoa kama mimi, au wenye viza ya kazi ya kitaalamu, na hao wa mwisho kusoma wanaruhusiwa ila ile kazi iliyowaleta ikikatika, na viza inakatika. Mtu akirudi Mtwara likizo na kuwaambia "nasoma huku nafanya kazi", mwulizeni kwanza ana viza gani. Akianza kuzungukazunguka, nyanyukeni.

Piga hesabu sasa. Kabla hujapanda ndege unalipa tozo ya afya, paundi 776 kwa kila mwaka wa viza, zote kwa mkupuo mmoja. Miaka minne ni paundi 3,104. Hapo ada bado, na ada ya mgeni haifanani na ya mwenyeji. Utaziuza korosho za mjomba za misimu mingapi? Na ukija muda wote, zile saa 20 wengi wanazipata kwenye nyumba za kulelea wazee, zamu za usiku. Nami nilianzia huko. Kumwogesha mzee hakuna aibu yoyote, ni kazi ya heshima. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa namwogesha mama wa watu wakati mama yetu Mikindani anasaidiwa na jirani.

Nisikufiche, sehemu ya hasira yangu inatoka hapo. Ukiondoka na wewe, nani atampeleka mama hospitali ya Ligula siku ya kliniki? Najua sina haki ya kukuuliza swali hilo, mimi niliyetangulia kuondoka. Usiliweke kwenye hesabu zako. Au liweke, sijui. Wewe ndiye unayemwona kila wiki.

Haya, usiache kazi. Mtu wa uongozi wa elimu ya juu anayeacha kazi ya udahili ili akasome udahili anaitupa data yake mwenyewe. Wewe uko mahali ambapo muhula unafunguliwa mnada wa korosho ndiyo kwanza unaanza, mzazi wa Tandahimba au Newala bado hajalipwa, na mwanafunzi yuko dirishani anaomba asajiliwe bila ada. Chuo kinafanyaje? Nani anapoteza nafasi, wa kike au wa kiume? Kalenda ya chuo ingeweza kufuata kalenda ya zao? Hiyo ni tasnifu nzima, na majalada yako kabatini kwako. Huku mimi nahangaika miezi kupata ruhusa ya kuhoji watu ambao wewe unakunywa nao chai.

Kuna njia za kusoma bila kuhama. Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992, kituo cha mkoa kipo Mtwara, na PhD wanatoa. Kaulize wiki hii. Ukitaka cha nje, Bath wana shahada ya udaktari ya uongozi wa elimu ya juu, ya pati-taimu, kwa watu walio kazini, na Lancaster wana PhD ya elimu ya juu ambayo sehemu kubwa inasomwa kwa mtandao. Hizo si rahisi kwa bei. Na kabla hujalipa hata shilingi, waulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama shahada ile, kwa namna ile ya kusoma, itatambuliwa. Pata jibu la maandishi. Halafu omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wako, hata ya nusu, maana ukisoma jioni tu utamaliza miaka sita au saba, na usingizi utakuwa umeusahau.

Lakini ukipata ufadhili kamili wa muda wote, kama ule wa Jumuiya ya Madola unaolipa ada, nauli na posho, futa yote niliyoandika hapo juu. Njoo. Mama tutapanga. Maktaba za huku nazipenda, msimamizi wangu anasoma kila sentensi ninayompa, na ningependa na wewe uipate hiyo bahati. Ila uje kwa mlango huo, si kwa ule wa maneno ya mtaani.

Barua ya kuacha kazi ichane. Niandikie kurasa mbili za hilo jambo la ada na korosho, hata kwa mkono, upige picha. Nitazisoma Jumapili, nizikosoe vizuri, kisha tuzungumze kwa simu ukiwa na mama.

Dada yako