Samaki wa makumbusho na deni la ushahidi

Swali lenu la wiki: "Kati ya anayefuata mageuzi ya viumbe na anayeshikilia usanifu wa makusudi (kwamba viumbe vilibuniwa na mwenye akili), nani anadaiwa ushahidi?"

Mhariri, wote wawili wanadaiwa. Ila kuna namna moja ya kulipa nisiyoikubali: kuonyesha tundu kwenye kanzu ya mwenzako, halafu ukadai kwamba basi wewe umevaa.

Mimi nauza samaki hapa Malindi. Barazani kwetu ugomvi huu huzuka kila akitajwa silikanti, yule samaki aliyenaswa na trola mwaka 2001, urefu mita 1.7, kilo 77, akawekwa makumbusho. Kuna fundi wa majahazi, mtu mzima, namwita ami. Kauli yake ni moja: "Wataalamu walisema samaki huyu alitoweka zamani pamoja na madinosaria. Mwaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini, hajabadilika hata gamba. Hayo mageuzi yako wapi?"

Ami, nani kasema kila kiumbe lazima kibadilike kwa kasi moja? Halafu huyu wetu si yule wa kwenye mawe. Masalia yana jamaa zake wa maumbo mengi, na hata jenasi yake, yaani kundi lake la karibu, ni nyingine.

Lakini kilichonishika mimi ni mapezi. Nimepaa changu na tewa miaka mingi. Pezi la ubavuni la changu ukilikata kisu hupita karibu na mwili, ukabaki na vimiba vyembamba vilivyojipanga kama upepeo wa ukili. La silikanti limekaa juu ya kikonyo cha nyama, na ndani mna mifupa inayofuatana, mmoja ukiubeba mwingine, kama bega linavyoshuka hadi kiwiko. Kamongo wa Ziwa Victoria naye ni wa ukoo huo wa mapezi ya nyama, na waliosoma jeni za silikanti mwaka 2013 walikuta kamongo ndiye aliye karibu zaidi nasi. (Wateja wangu wa kutoka Kisumu hawajafurahi kusikia.)

Ami hujibu kwamba fundi mmoja hutumia kipimo kimoja. Sawa, anaweza kusema hivyo. Mpwa wangu wa kidato cha tatu naye hunikera akisema "sayansi imethibitisha", ukimwambia onyesha, anatazama simu.

Kwangu hesabu ni ya bahari. Nahodha akisema kabla ya kung'oa nanga kwamba tewa wako mwamba fulani, tukashusha mishipi tukawatoa, namwamini. Watafiti wa mageuzi walifanya hivyo: wao husema wanyama wa miguu minne walitokana na samaki, basi walitaka samaki mwenye dalili za miguu, wakachagua miamba ya umri wa miaka milioni 375 kaskazini mwa Kanada, wakaenda na kurudi zaidi ya mara moja, na mwaka 2004 wakamkuta Tiktaalik, ana magamba na mapezi, na shingo pia. Wangeweza kurudi mikono mitupu.

Upande wa pili ulipewa nafasi mahakamani, Pennsylvania nchini Marekani, mwaka 2005, kesi ya kupinga usanifu huo kuletwa madarasani katika shule za Dover. Shahidi wao mkubwa, Michael Behe, alisema mkia wa bakteria una sehemu nyingi mno kujengeka hatua kwa hatua. Hapo namwona ami wangu: hilo ni tundu la kanzu ya jirani. Jaji John Jones aliamua kwamba usanifu wa makusudi si sayansi. Imani ya mtu hakuihukumu, na mimi ninayeswali sala tano sikuona nimenyang'anywa kitu.

Nilipomweleza ami haya aliweka tezo chini. "Jahazi halijijengi," akasema. Nikamjibu, jahazi pia halizai, na aliyelijenga yupo, nakunywa naye kahawa. Alicheka, lakini hakukubali. Ijumaa baada ya swala anataka twende makumbusho akalitazame lile pezi kwa macho yake. Kiingilio, kasema, kinamdai aliyeleta maneno.