Mwenye kauli nyumbani naye aende kliniki

Katika nyumba nyingi ninazozijua hapa Tanga, anayembeba mtoto kwenda kliniki ni mmoja, na mwenye kauli ya kama aende au asiende ni mwingine. Mama ndiye anayejua mtoto kachomwa paja lipi na kalia kiasi gani. Baba, shangazi au mama mkwe ndiye anayetamka sebuleni kwamba "hizi chanjo zimezidi, mwacheni mtoto apumzike." Na kadiri mtu anavyokaa mbali na benchi la kliniki, ndivyo anavyokuwa na uhakika zaidi.

Mimi ni baba wa watoto watatu. Alipozaliwa wa pili, mke wangu alikuwa akifundisha shule ya mbali. Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ni siku 84, kwa hiyo inakwisha wiki ya 12, na chanjo ya wiki ya 14 bado iko njiani. Basi kliniki ikawa kazi yangu, na nimeendelea nayo mpaka kwa huyu kitinda mimba. Si daktari mimi. Ninayoyasema ni niliyoyaona nikiwa na mtoto begani, na mengine nimeyasoma kwa sababu maswali ya nyumbani kwetu hayaishi.

Baba akiingia kliniki anatazamwa. Kina mama wanasogea wampishe, sista anauliza "mama yake yuko wapi?", na pengine unaitwa mbele ya foleni kama mgeni rasmi. Usione haya. Mtoto anavuliwa, anatiwa kwenye kile kisuruali cha mizani, ananing'inia pale akirusha miguu, na benchi zima linachungulia kama kapanda. Kisha kadi inafunguliwa, na hapo ndipo pa kuuliza, kwa sababu ratiba yote iko mbele yenu wawili.

Wengi tunaogopa wingi. Siku ya kuzaliwa kuna BCG ya kifua kikuu na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kuna ile wanayoiita penta, sindano moja yenye kinga tano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na kijidudu cha Hib kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Pembeni yake kuna sindano nyingine ya nimonia, na matone ya polio tena. Kuna pia matone ya rota kwa ajili ya kuhara. Halafu surua na rubella miezi 9, na tena miezi 18. Mama mkwe wangu aliposikia orodha hii aliuliza swali la haki kabisa: kwa nini msingoje mtoto akomae kidogo?

Jibu nililopewa, na ambalo nimelikuta kila nilikosoma, ni kwamba magonjwa yenyewe hayangoji. Kifaduro kikimpata mtoto wa miaka minane atakohoa mwezi mzima. Kikimpata wa miezi miwili kinaweza kumkata pumzi. Kuchelewesha chanjo hadi mtoto "akomae" ni kumwacha bila kinga katika miezi ile ile ambayo angeihitaji zaidi. Kuhusu kuzidiwa, mtoto huyu huyu kesho atatambaa sakafuni na kutia mdomoni ndala ya babu yake. Vijidudu anavyokutana navyo kwa siku moja ni vingi kuliko vilivyomo kwenye sindano zote za siku hiyo.

Lakini hoja hizi zote ni za mchana. Uamuzi wenyewe, kwa uzoefu wangu, hufanyika usiku wa penta. Mtoto anachemka, paja limekuwa gumu kwa kugusa, hataki kulazwa, na kila anayeamka anasema "si niliwaambia?" Usiku huo ndio unaozaa baba anayekataa chanjo inayofuata. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye kauli ni huu: usiku huo lala chumba kimoja na mtoto. Utaona homa ikipanda, na kwa kawaida utaiona ikishuka yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Aliyelala chumba cha pili anasikia kilio tu.

Kabla hujatoka kliniki muulize sista kipimo cha parasetamoli kwa uzito wa mtoto aliopimwa asubuhi ile, maana dawa ya maji ya watoto ina nguvu tofauti kwa chupa tofauti. Mtoto anyonye mara nyingi, apunguziwe nguo. Paja usilikande wala kulipaka chochote. Kile kipele cha BCG kinachotokea begani baada ya wiki chache na kutoa usaha kidogo ni mwenendo wake, kitaacha kovu; usikikamue, usikiwekee dawa ya meno. Mrudishe mtoto haraka homa ikizidi siku mbili, akipata degedege, akikataa kunyonya, au akilia mfululizo kwa saa tatu na zaidi. Mzio mkali, ule wa kuvimba uso na kukosa pumzi, hutokea kwa takriban dozi moja katika milioni, na kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache. Ndiyo maana unaambiwa ukae kidogo kabla ya kuondoka. Kaa. Najua bodaboda inasubiri.

Sasa tuje kwenye simu. Nyumbani kwetu kuna kundi la ukoo la WhatsApp, na ujumbe wa chanjo huwa hauna tarehe wala hauna jina la mwandishi. Njia yangu ni kuuliza: ni chanjo ipi hasa inayosemwa? Mara nyingi hoja inaanguka hapo hapo, kwa sababu aliyeutuma hajui. Ule wa kuwafanya wanawake wagumba umetokana kwa sehemu kubwa na mabishano ya Kenya mwaka 2014, pale maaskofu Wakatoliki walipodai chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ilichanganywa na homoni. Serikali, WHO na UNICEF wakakanusha. Madai yalivuka mpaka, kanusho likabaki njiani. Kwa huu huhitaji maabara. Wajawazito wetu wamekuwa wakichomwa pepopunda miaka na miaka, na ukikaa benchi la kliniki utakaa na wengi wao wakiwa na mimba ya tatu, ya nne.

Ule wa usonji una asili inayojulikana kwa jina: andiko la daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, la mwaka 1998, lililohusu watoto 12 na kuihusisha chanjo ya MMR (ya surua, matumbwitumbwi na rubella) na usonji. Mwaka 2010 jarida la Lancet lililifuta andiko hilo na yeye akafutwa kwenye rejista ya madaktari. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 650,000 na hawakuona uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji. Nilipolituma hili kwenye kundi, binamu alijibu kwa emoji ya kidole gumba. Sijui maana yake, ila mjadala ulikwisha.

Mgumu zaidi ni wa korona, kwa sababu huo ni wetu wenyewe. Januari 2021 viongozi wakuu wa nchi walizitilia shaka chanjo za korona hadharani, na Julai mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya kamera. Ndani ya nusu mwaka watu walisikia kauli mbili kutoka kiti kimoja. Simlaumu aliyebaki na mashaka. Ninachomwomba ni asiibebeshe chanjo ya surua kesi ya chanjo ya korona. Hii ya surua ilianza kutumika miaka ya 1960, na wengi wetu tunaobishana tuliipata tukiwa wadogo.

Wala si kwamba chanjo haina dosari, na sista akikuambia hivyo anakuficha. Mwaka 2023 mkoani Rukwa mtoto alikutwa na polio iliyotokana na kirusi cha chanjo ya matone. Matone hubeba kirusi kilichodhoofishwa. Kikizunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa kinaweza kubadilika na kurudisha makali. Yaani pengo kwa majirani ndilo linalokipa nafasi. Ndiyo maana walipita nyumba kwa nyumba, wakapaka watoto wino kidoleni, na mtoto ambaye kadi yake imejaa naye akapewa tena. Dozi ya ziada ya matone haimdhuru.

Watu wa pwani yetu ya Bahari ya Hindi wanapaswa kumjua Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia. Ilipopita chanjo ya ndui aliikwepa, kwa sababu kubwa moja: sindano ilionekana inauma. Oktoba 1977 akaugua ndui, naye ndiye mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Alipona. Baadaye alizunguka Somalia akihamasisha chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi habari yake mwenyewe, na alifariki mwaka 2013 kwa malaria akiwa kwenye kazi hiyo hiyo. Nampenda kwa sababu hakuwa na nadharia yoyote. Aliogopa maumivu, kama baba yeyote anayegeuza uso mwanawe akichomwa.

Kwetu aliyemaliza ubishi wa surua alikuwa bibi. Kaka yake alikuwa chongo. Jicho la kushoto lilikuwa na doa jeupe kama ganda la yai. Sisi watoto tuliambiwa tu kwamba "ni surua," na nilikua nikidhani surua ni ugonjwa wa macho. Surua hupofusha, hasa kwa mtoto aliyepungukiwa vitamini A, na ndiyo sababu yale matone ya vitamini A hutolewa kila miezi sita kuanzia mtoto akiwa na miezi sita. Siku mama mkwe aliposema surua ni ugonjwa mdogo tu wa watoto, unapita, bibi hakujibu hoja. Alimtaja kaka yake. Mwenye mzee wa namna hii nyumbani amsikilize yeye kabla ya kundi la ukoo.

Na surua huambukiza vibaya mno: mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga anaweza kuwaambukiza 12 hadi 18. Mtoto wa miezi mitano, ambaye hajafika umri wa chanjo, kinga yake kubwa ni kwamba watoto wa nyumba za jirani wamechanjwa.

Kuna jambo linalogombanisha wanandoa bure. Mama anakwenda na mtoto wa miezi tisa, anaambiwa "surua rudi Alhamisi." Nyumbani anaambiwa mzembe, au kliniki inaambiwa inachezea watu. Nilimuuliza sista, akanionyesha kichupa chenyewe. Ni kidogo kama kidole gumba, chenye unga mkavu, dozi kumi. Kikishachanganywa maji yake kinadumu saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo vituo vingi hukusanya watoto siku maalumu. Mwongozo unasema kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na mzazi ana haki ya kuomba hivyo, hasa akitoka mbali. Lakini rahisi zaidi ni kuuliza mapema siku ya surua ni ipi, na kuiandika kwa kalamu kwenye jalada la kadi. Kichupa hicho hicho kina kialama cha duara chenye mraba ndani yake: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Omba uonyeshwe. Sista wetu alifurahi kuulizwa.

Kwa binti yangu mkubwa ilikuja habari nyingine, ile ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Mwaka 2024 ilitolewa shuleni kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu mwaka huo ni dozi moja. Kina baba wenzangu hapa wanapata kigugumizi, kwa sababu kirusi chake huenezwa kwa kujamiiana na wao bado wanamwona binti ni mtoto. Ni kweli ni mtoto. Kinga hii hufanya kazi vizuri zaidi ikitangulia, kabla kirusi hakijamfikia, na kumchanja hakumwambii lolote asilolijua. Shangazi yangu alitibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa saratani hiyo. Nilitia saini siku ile ile karatasi ilipofika kwenye daftari la mtoto.

Kama umesoma mpaka hapa na mtoto wako amepitwa na dozi, usingoje mwezi mpya wala usiogope kusemwa. Hawaanzi upya; wanaendelea walipoishia. Baadhi ya chanjo, kama rota, zina ukomo wa umri, kwa hiyo hizo ziulize mapema. Mafua au kikohozi kidogo si sababu ya kuahirisha. Kadi ikiwa imepotea nenda kituo kile kile alikochanjwa, kuna rejista, utaje tarehe ya kuzaliwa na majina matatu. Na ukienda, mchukue yule anayebisha sana nyumbani, mpe mtoto ambebe yeye.