Cheti cha kikundi si ruhusa ya kukata boriti

Ndugu wa Faza, Lamu, kikundi mmekisajili na bado afisa wa misitu anawazuia kukata mikoko. Yuko sawa. Kwa sheria ya misitu ya Kenya ya 2016, chama cha jamii huomba KFS (Huduma ya Misitu Kenya) kushiriki katika usimamizi, kikiambatanisha orodha ya wanachama, katiba, kanuni za fedha na eneo linaloombwa. Haki za kuvuna hutoka kwenye mkataba na KFS. Humo tajeni eneo, aina ya mti na unene. Yakiandikwa “mazao ya msitu” tu, mtagombana hadi na majirani. Wakili ausome kabla ya saini.

Haki ya kuweka mizinga ya nyuki msituni ombeni mapema, haina fitina.

Na mnapopanda, mkoko wenyewe (mkaka) usiwekwe ufuoni palipo wazi, mawimbi huung’oa. Huko ni kwa mlilana, aina nyingine ya mikoko.